Hisa ya Dola Kumi

Katika sanduku la mama, chini ya khanga anazozitunza kwa ajili ya misiba na harusi, kuna cheti cha hisa. Karatasi yake ni nene, ina mpaka wa kijani na muhuri mwekundu, na jina la mama limeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa mtu aliyejua kwamba jina hilo litatazamwa mara nyingi. Kampuni iliyotoa cheti hicho sitaitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipita kwenye shule na zahanati kadhaa za Dar es Salaam ikiwaambia walimu na wauguzi jambo ambalo kila mmoja wao alishaliwaza: peke yako huwezi kujenga jengo la fleti, lakini mkiwa mia tano mnaweza. Mama alikatwa mshahara miezi kumi na minane. Jengo lilifika kwenye nguzo za chini, likasimama hapo. Simu ya ofisi ikawa haipokelewi, kisha ikawa haipatikani.

Nilipokuwa mdogo nilidhani aibu ya mama ilitokana na pesa. Baadaye nikaelewa kwamba ilitokana na majina. Waliomshawishi hawakuwa wageni. Alikuwepo mwalimu mwenzake, na mzee mmoja aliyeheshimika mtaani. Yeye mwenyewe aliwashawishi wengine wawili.

Mwaka jana kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa anayeishi Houston, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. "Dada, huku watu hawanunui nyumba mmoja mmoja," alisema. "Wanachanga. Mnanunua jengo zima, fleti mia mbili kwa mpigo. Kodi inaingia kila mwezi na wewe umelala." Kiwango cha chini kilikuwa dola 50,000. Tukichanga watu wanne wa ukoo, alisema, tunafika. Alitumia neno ambalo huku kwetu tumezoea kulisikia kwenye habari za wizi na dawa za kulevya: sindiketi.

Nilimwomba anipe muda nisome. Nilianza na sheria za Marekani za sasa, nikitafuta jibu la ndiyo au hapana. Kila sheria ilinirudisha kwenye kosa lililoizaa, na makosa hayo yakanirudisha nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka nikatua katika mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1904, mbele ya kampuni iliyouza hisa kwa dola 10 kwa watu weusi waliotaka kumiliki majengo ya fleti. Nikaona cheti cha mama.

*

Kwanza chombo chenyewe, maana hakijabadilika sana tangu wakati huo. Mtu mmoja, tumwite mwendeshaji, anatafuta jengo la kupangisha, anazungumza na muuzaji, anatafuta mkopo, na baada ya kununua anasimamia matengenezo na wapangaji. Benki inatoa sehemu kubwa ya bei kwa rehani ya jengo hilo hilo. Sehemu iliyobaki, karibu yote, inatoka kwa wachangiaji, watu wenye pesa kidogo au nyingi kiasi ambao hawana muda wala ujuzi wa kuendesha jengo. Kodi inapoingia, kwanza inalipa gharama za jengo, kisha inalipa benki. Kinachobaki ndicho cha wachangiaji na mwendeshaji. Baada ya miaka kadhaa jengo linauzwa, deni linalipwa, faida inagawanywa.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha nguvu ya chombo hiki na hatari yake. Tuseme jengo ni dola 100,000, na benki imetoa 80,000. Wachangiaji wametoa 20,000. Thamani ya jengo ikipanda kwa asilimia 10, wachangiaji wamepata dola 10,000, yaani nusu ya walichoweka. Ikishuka kwa asilimia 10, wamepoteza nusu. Ikishuka kwa asilimia 20, hawana kitu, ingawa jengo lipo palepale, wapangaji wamo ndani na taa zinawaka. Deni hukuza kila kinachotokea, kiwe kizuri au kibaya. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayeingia kwenye mchango wa aina hii ni hili: jengo linadaiwa kiasi gani, na nani, mpaka lini? Swali la faida huja baadaye.

Swali hilo hilo ndilo lililoiangusha kampuni ya Harlem.

*

Philip A. Payton Jr. alizaliwa mwaka 1876 huko Westfield, Massachusetts, mtoto wa kinyozi. Alijifunza ukinyozi kwa baba yake, akasoma Livingstone College huko North Carolina, na mwaka 1899 akaenda New York kutafuta maisha. Msomi huyo mweusi alipata kazi ambazo mji ule ulikuwa tayari kumpa mtu mweusi. Aliangalia mashine za senti moja kwenye duka kubwa, akanyoa watu nywele, na mwisho akawa mfagizi na mtunza ofisi ya madalali wa nyumba kwa dola 8 kwa wiki. Katika ofisi hiyo, akifagia na kusikiliza, aliambukizwa ugonjwa wa nyumba.

Mwaka 1900 alifungua ofisi yake ya udalali pamoja na mwenzake. Wateja hawakuja. Mwenzake akakata tamaa akaondoka. Payton na mkewe, Maggie, walifikia hatua ya kutolewa kwenye nyumba walimopanga kwa kushindwa kulipa kodi, na kwa muda waliishi kwa kazi ya mkewe ya kushona. Hadithi za wawekezaji huwa zinaruka sehemu hii, au zinaipitia haraka kama mvua ya asubuhi. Mimi naona ni sehemu muhimu. Mtu aliyekuja kuwaomba watu weusi wa New York akiba zao alikuwa anajua maana ya vyombo kutolewa nje.

Mlango ulifunguka kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine. Wenye nyumba wawili katika mtaa wa West 134th walikosana, na mmoja wao, kwa nia ya kumkomoa mwenzake, alimkabidhi Payton jengo lake ajaze wapangaji weusi. Kwake mtu mweusi alikuwa silaha ya kumtia jirani hasara. Payton alilijaza jengo, akakusanya kodi kwa wakati, na akaombwa kusimamia jengo lingine.

Harlem ya wakati ule ilijengwa kwa matumaini yaliyopita kiasi. Habari kwamba treni ya chini ya ardhi itafika huko ziliwafanya wajenzi wakimbilie kujenga fleti nzuri kwa ajili ya familia za weupe wenye kipato cha kati. Treni ilipoanza kupita chini ya Lenox Avenue mwishoni mwa 1904, majengo yalikuwa mengi kuliko wapangaji. Bei zikaporomoka. Upande mwingine wa mji, watu weusi walikuwa wamebanwa kwenye mitaa michache ya magharibi ya Manhattan, na baadhi ya mitaa hiyo ilikuwa ikibomolewa kupisha kituo kipya cha treni, Pennsylvania Station. Huku kulikuwa na vyumba bila watu, kule watu bila vyumba. Kilichokaa katikati ni ubaguzi, na ubaguzi ulikuwa na bei: mpangaji mweusi alitozwa kodi ya juu kuliko mweupe kwa chumba kilekile, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Payton aliiona bei hiyo. Juni 1904 aliandikisha kampuni, Afro-American Realty Company, yenye mtaji ulioidhinishwa wa dola 500,000 uliogawanywa katika hisa 50,000 za dola 10. Kisheria ilikuwa kampuni ya hisa, si ubia wa aina anayoniambia kaka yangu, lakini injini ilikuwa ileile: wengi wachange, mmoja aendeshe, benki ikamilishe. Kampuni ilianza kwa kukodi majengo kutoka kwa wazungu kwa mikataba ya miaka kadhaa na kuyapangisha kwa watu weusi, kisha ikanunua mengine kwa rehani.

Dola 10 ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa wiki nzima alipokuwa mfagizi. Alijua anaomba nini.

*

Tangazo la kampuni lilikuwa na hoja ambayo hata leo inashtua kwa ukali wake. Lilisema, kwa ufupi, kwamba ubaguzi wa rangi ni anasa, na kama anasa nyingine yoyote, mwenye kuutaka anaweza kufanywa aulipie sana. Chuki iliyotufukarisha sasa inaweza kugeuzwa itupe faida. Liliwaambia watu wa hali ya chini, ambao kila mwezi walilipa kodi ya kibaguzi, kwamba wanaweza kukaa upande wa pili wa meza.

Hoja hiyo iliungwa mkono na majina. Kampuni ilijengwa juu ya mtandao wa Booker T. Washington, mtu mweusi mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote Marekani wakati huo, na jumuiya yake ya wafanyabiashara weusi iliyoanzishwa mwaka 1900. Emmett Scott, katibu wake binafsi, alikuwa miongoni mwa waliohusika. Fred R. Moore, ambaye baadaye aliendesha gazeti la New York Age, naye alikuwemo. Mfanyakazi wa ndani au mhudumu wa hoteli aliyefungua tangazo lile hakuwa na njia ya kukagua hati za majengo. Lakini majina aliyafahamu.

Hapo nilisimama kusoma kwa siku kadhaa, kwa sababu ya cheti cha mama. Watu waliofungiwa milango ya benki huwa na dhamana moja tu wanayoweza kuipima, nayo ni kufahamiana. Nani kamleta, anasali wapi, ni wa ukoo gani. Dhamana hiyo ndiyo inayoendesha upatu, vikoba na michango ya harusi, na kwa kawaida inafanya kazi vizuri, kwa sababu kila mwanachama anamwona mweka hazina kila wiki na anaijua nyumba yake. Jengo la fleti ni kitu kingine. Lina hati, lina rehani ya kwanza na pengine ya pili, na lina mkataba wenye tarehe. Kumfahamu mtu hakukuonyeshi mambo hayo. Payton hakuwa mwizi aliyekuja usiku, alikuwa mtu wao kweli, na hilo ndilo lililofanya karatasi zake zisisomwe.

Kwa muda kampuni iling'ara. Kisa kilichoipa sifa kilitokea katika mtaa wa West 135th. Kampuni ya wazungu, Hudson Realty, ilinunua majengo matatu yaliyokuwa na wapangaji weusi na kuwafukuza ili iweke weupe. Payton alijibu kwa kununua majengo mawili ya jirani, akawatoa wapangaji weupe, na kuwaingiza weusi waliofukuzwa. Hatimaye Hudson Realty iliyauza tena yale majengo matatu kwa kampuni ya Payton. Magazeti ya New York yaliandika kana kwamba vita vimezuka Harlem. Kwa watu waliokuwa wamezoea kuhamishwa kama mizigo, kuona kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu mweusi anayeweza kumwambia mwenye nyumba mweupe hapana, na hapana hiyo ikawa na nguvu ya sheria, ilikuwa ni zaidi ya gawio.

Lakini gawio nalo liliahidiwa, na halikuja kwa wakati. Kodi zilizotegemewa zilikuwa za juu, na wapangaji wale wale waliotetewa ndio waliotakiwa kuzilipa. Hilo nalo linafaa kusemwa wazi. Kampuni iliyoanzishwa kupinga kodi ya ubaguzi iliishi kwa kodi hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa imechukua majengo kwa bei na kwa mikopo ambayo kodi ya kawaida isingeweza kuibeba.

*

Mwaka 1906 wanahisa zaidi ya thelathini waliishtaki kampuni yao. Hawakulalamikia hasara, maana hasara haishtakiwi. Walilalamikia maneno. Tangazo lililouza hisa liliwafanya waamini kwamba kampuni inamiliki majengo yake bila deni, kumbe yalikuwa yamewekwa rehani, na mengine yalikuwa ya kukodi tu. Mwanzoni mwa 1907 Payton alikamatwa kuhusiana na madai hayo. Mwishowe mahakama iliona kampuni imewapotosha wanunuzi wa hisa, lakini haikumtia Payton mwenyewe hatiani kwa udanganyifu binafsi.

Tofauti hiyo ni ndogo katika maandishi na kubwa katika maisha. Kwa mahakama, Payton hakuwa mlaghai. Ninavyomsoma, alikuwa mtu aliyeamini jengo lake kiasi kwamba deni aliliona kama jambo la muda, kitu cha kumaliza kabla hakijamfikia mtu mwingine. Nimekutana na watu wa aina hiyo. Sidhani hata wale walioandika cheti cha mama wote walikuwa wezi. Nguzo za chini zilisimama kweli. Kuna mtu alinunua saruji. Wengi wanaopoteza pesa za wenzao walianza na nia njema, matumaini makubwa, na ukurasa mmoja waliouacha bila kuuandika.

Kampuni ililipa gawio mara moja, mwaka 1907. Oktoba mwaka huo ilitokea hofu kubwa ya fedha mjini New York. Watu walikimbilia kutoa akiba zao, Knickerbocker Trust ikafunga milango, na mikopo ikakauka nchi nzima. Kampuni inayoishi kwa kubadilisha mkopo wa zamani kwa mkopo mpya haiwezi kuvuka msimu kama huo. Payton aliandika kuomba msaada kwa kambi ya Washington, lakini fedha za kuiokoa hazikutoka. Mwaka 1908 kampuni ilikuwa imekwisha.

Wengi husimulia hadithi hii mpaka hapo na kuiita anguko. Lakini tazama kilichobaki. John E. Nail na Henry C. Parker, waliokuwa wauzaji wa kampuni hiyo, walianzisha udalali wao. Mwaka 1911 walilisaidia kanisa la St. Philip's, la waumini weusi, kununua majengo kumi ya fleti katika mtaa ule ule wa West 135th kwa dola 640,000. Majengo mengi yaliyotoka mikononi mwa kampuni ya Payton yalirudi kwa wazungu, lakini wenye nyumba wapya hawakuwafukuza wapangaji, kwa sababu walishaona kwamba wanalipa. Payton mwenyewe aliendelea na biashara kwa jina lake. Mwaka 1917 alifanya ununuzi wake mkubwa kuliko wote, majengo sita yenye thamani ya takriban dola milioni 1.5, na kuyapa majina ya mashujaa weusi: Toussaint L'Ouverture, Phillis Wheatley, Frederick Douglass na wengine. Mwezi mmoja baadaye alifariki kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 41. Miaka kumi baadaye dunia nzima ilikuwa inaijua Harlem kama mji mkuu wa watu weusi, wenye washairi, makanisa na muziki wake.

Na wale wanahisa? Dola zao kumi kumi zilifungua mtaa ambao wao hawakuumiliki. Vitabu vinamwita Payton baba wa Harlem. Sijakutana na kitabu kilichoorodhesha majina ya wanahisa. Walichanga wakidhani wananunua faida, kumbe walinunua mahali pa kuishi kwa ajili ya wengine, bila kuulizwa kama wako tayari. Kuna wanaosema basi pesa haikupotea. Naweza kukubali hilo kama mwanahistoria wa mwisho wa wiki. Kama mtoto wa mwenye cheti, siwezi. Mtu akitaka kutoa sadaka, aombwe sadaka.

*

Sheria za Marekani zilichukua muda kulijibu kosa la aina hii. Mwaka 1911 jimbo la Kansas lilianza kudhibiti uuzaji wa hisa, na baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1933 iliyomtaka anayeuza hisa kwa umma aweke wazi mambo muhimu, madeni yakiwemo, katika waraka wa matarajio. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi iliyohusu mashamba ya michungwa ya Florida, ilisema kwamba jina la mkataba si hoja. Mtu akiweka pesa katika mradi wa pamoja akitarajia faida itokane na jitihada za wengine, huo ni uwekezaji unaoguswa na sheria hiyo. Sindiketi ya fleti imo humo.

Aliyeifanya biashara hii iheshimike alianzia Harlem pia. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, mwanasheria kijana Lawrence Wien na wenzake watatu walichanga dola 2,000 kila mmoja wakanunua jengo dogo la fleti huko. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1961, yeye na dalali Harry Helmsley walikusanya dola milioni 33, kwa vipande vya dola 10,000, kutoka kwa watu zaidi ya elfu tatu, ili kupata Empire State Building. Watu hao walipokea malipo yao kwa miongo. Hata hivyo mwaka 2013, jengo lilipoingizwa kwenye kampuni ya soko la hisa, baadhi ya warithi wa vipande vile walipinga na kwenda mahakamani, wakisema waendeshaji wamejipendelea. Hata mchango uliofanikiwa una siku yake ya kuulizana nani aliamua.

Leo sheria ina mlango mwingine. Kwa kanuni zilizowekwa mwaka 1982, mwendeshaji anaweza kukwepa usajili kamili ikiwa anachukua pesa kwa wale wanaohesabiwa kuwa na uwezo wa kujilinda. Hao ni watu wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya zaidi ya dola milioni moja bila kuhesabu nyumba wanamoishi. Wasiofikia kiwango hicho wanaweza kuingia katika baadhi ya michango, kwa idadi ndogo na kwa masharti. Mfagizi wa dola 8 kwa wiki sasa analindwa kwa kuachwa nje. Bado sijaamua kama hilo ni jibu au ni mlango ule ule wa benki uliopakwa rangi mpya.

Na utajiri haumfanyi mtu asome. Baada ya 2020, mikopo ilipokuwa rahisi, waendeshaji wengi wapya walinunua majengo ya fleti kusini mwa Marekani kwa mikopo ambayo riba yake inapanda na kushuka. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya nchi hiyo ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katika muda wa chini ya mwaka mmoja na nusu. Majengo yalikuwa yamejaa wapangaji, lakini kodi haikutosha kulipa mkopo. Mwaka 2023, katika mji huo huo wa Houston anakoishi kaka yangu, fleti zaidi ya 3,000 za mwekezaji mmoja ziliuzwa kwa kushindwa kulipa deni. Waliochangia walijifunza hesabu ya wanahisa wa 1904: jengo lipo, taa zinawaka, na pesa yako haimo.

*

Sikumjibu kaka kwa ndiyo wala hapana. Nilimwomba waraka kamili wa mchango, akautuma. Una kurasa zaidi ya mia moja, na kurasa nne za mwanzo zina picha za bwawa la kuogelea. Nikamwandikia maswali yangu: jengo linakopa kiasi gani, riba ni ya kudumu au ya kupanda, mwendeshaji ameweka pesa yake kiasi gani, anajilipa ada zipi kabla sisi hatujapata kitu, na kodi ikishuka kwa asilimia 10 nani anaanza kuumia.

Jioni ile nilimsomea mama maswali hayo. Alikuwa anachambua mchele, miwani imemshukia puani. Alisikiliza yote, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani.

"Na deni lenyewe linaiva lini?"

Nilikuwa nimelisahau. Nilimtumia kaka swali hilo, nikamwambia limetoka kwa mama mdogo wake. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema amemuuliza mwenzake aliyemwingiza kwenye mpango huo, mtu mzuri sana, wanasali naye kanisa moja, na yeye pia hajafika kwenye ukurasa huo.

Mama alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikwenda chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na cheti chake, akakiweka mezani mbele yangu.

"Kipige picha," alisema. "Mtumie."